Umebambikiwa kesi? Njia za kisheria ambazo familia nyingi huzijua zikiwa zimechelewa

Dar es Salaam. Simu za aina hii mara nyingi huingia usiku. Upande wa pili ni sauti ya kijana wa Mbagala, Tandale au Bunju, anasema yuko kaunta ya polisi na simu yake inataka kuchukuliwa. Anataja kosa haraka haraka: pikipiki imeibwa, duka limevunjwa, mwanafunzi ana mimba. Anasema hajafanya. Kisha simu inakatwa.

Kinachofuata nyumbani kinafanana karibu kila mtaa. Familia haianzi kutafuta wakili, inaanza kutafuta "mtu". Mtu huyo ni shemeji anayemfahamu askari, jirani anayejuana na karani wa mahakama, au kijana anayeshinda nje ya kituo akijiita "mtoaji". Pesa ya kwanza hutoka mfukoni kabla hata baba na mama hawajajua kosa lenyewe limeandikwaje kwenye jalada.

Kiswahili chetu kina neno la kuelezea balaa hili, kubambikiwa kesi, na si neno la vijiweni tu. Julai 2019, Rais John Magufuli alipotembelea Gereza la Butimba, Mwanza, mahabusu walimweleza kwa neno hilohilo. Miaka michache baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume hiyo ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na malalamiko ya watu kukamatwa kabla upelelezi haujakamilika na kukaa mahabusu muda mrefu yalikuwa miongoni mwa mambo iliyoyashughulikia.

Kwa hiyo mzazi anayepokea simu ya usiku hayuko peke yake. Kinachomponza ni kwamba hatua nyingi za kumwokoa ndugu yake ziko katika siku za mwanzo, wakati ambao yeye bado yuko kwenye kumtafuta mtu.

Saa za kwanza kituoni

Jambo la kwanza ni kujua yuko kituo gani na anatuhumiwa kwa kosa gani. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake, na ndugu wanaweza kuuliza namba ya jalada, ambayo wengi wanaiita RB, pamoja na jina la mpelelezi. Viandikwe kwenye daftari, tena kwa tarehe na saa. Daftari hilo la shilingi chache litakuja kuwa na thamani kuliko hela yoyote iliyopita chini ya meza.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Ikiwa haiwezekani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kulitazama suala la kumpa dhamana, isipokuwa pale kosa linapoonekana ni zito. Dhamana hiyo ya polisi hailipiwi. Mdhamini husaini kwamba mtuhumiwa atarudi siku atakayohitajika, basi. Anayedai "ada ya dhamana" anadai rushwa, na TAKUKURU wana namba ya simu ya bure, 113.

Aliye ndani ana haki ya kuomba awasiliane na wakili na ndugu au rafiki. Kama anatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au VVU, ndugu waseme siku hiyohiyo kaunta, na ikiwezekana wapeleke dawa zikiwa kwenye pakiti yake pamoja na kadi ya kliniki. Sheria inamtaka polisi achukue hatua pale aliye chini ya ulinzi anapoomba matibabu. Familia nyingi hulinyamazia hili kwa aibu, hasa ARV, na mgonjwa anakatisha dozi kwa sababu hakuna aliyetaja.

Maelezo yanayosainiwa usiku wa manane

Hapa ndipo kesi nyingi za kusingiziwa hupata mguu wa kusimamia. Mtuhumiwa huhojiwa na kuandikwa "maelezo ya onyo". Kabla ya hapo anapaswa kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake. Onyo hilo lina maana yake kamili: kukaa kimya ni haki, wala kimya hicho si kukiri.

Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi. Unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila kuongezewa muda yamewahi kutupwa na mahakama, ndiyo maana ile saa iliyoandikwa kwenye daftari la mama nyumbani si jambo dogo. Wakili ataitafuta.

Mtuhumiwa asisaini karatasi ambayo hajasomewa au hajaisoma mwenyewe. Akipigwa au kutishwa mpaka akasaini, asinyamaze akifika mahakamani. Aseme mara ya kwanza tu anaposimama mbele ya hakimu, aonyeshe majeraha, aombe kutibiwa na kupewa PF3. Maelezo ya kukiri yakipingwa, upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari, na mahakama huendesha "kesi ndani ya kesi" kulichunguza hilo peke yake. Anayesubiri mpaka siku ya kujitetea, mwaka mmoja baadaye, makovu yakiwa yamefifia, anakuwa amejinyima silaha.

Dhamana mahakamani

Shauri likifika Mahakama ya Wilaya ya Temeke au Kinondoni, au Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, swali la familia huwa moja: anatoka leo? Kwa makosa mengi jibu ni ndiyo, kama wadhamini wapo na karatasi zao zimekamilika. Kwa kawaida huhitajika barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na kitambulisho, na pale mahakama inapotaka mali, nyaraka zake. Watu wengi hulala Keko au Segerea kwa sababu tu mdhamini alikuja na barua isiyo na muhuri. Ifuatwe kwa mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla.

Yapo makosa yasiyo na dhamana, miongoni mwake mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na ugaidi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa ya aina hii kinakwenda kinyume cha Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikalitengua hilo na kifungu kikabaki. Hali halisi ndiyo hiyo. Mtu anayesingiziwa wizi wa kawaida hurudi nyumbani kungoja kesi yake, anayesingiziwa unyang'anyi wa kutumia silaha huingojea ndani, hata kama wote wawili hawana hatia. Ndiyo maana wenye nia mbaya hupenda kuongeza neno "panga" au "bunduki" kwenye maelezo yao, na ndiyo maana wakili anahitajika zaidi pale dhamana inapokosekana.

Anayezuiliwa bila kufikishwa mahakamani kabisa, au ambaye ndugu hawaonyeshwi alipo, ana mlango mwingine. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu ili iamuru mtu huyo aletwe mbele yake na walio naye waeleze wanamshikilia kwa sheria gani. Kinahitajika kiapo cha ndugu na wakili anayejua kuandika maombi hayo haraka.

Mtuhumiwa akiwa mtoto

Wazazi wengi hawajui kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka njia tofauti kabisa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, na mzazi au mlezi pamoja na afisa ustawi wa jamii wanapaswa kuhusishwa. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai hata kidogo, na kwa aliye kati ya miaka 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichofanya ni kosa.

Hapo cheti cha kuzaliwa ndicho kila kitu. Kijana wa miaka 16 mwenye kimo cha baba yake huandikwa "miaka 19" pale kaunta na kulala na watu wazima. Mzazi afike na cheti, kadi ya kliniki au barua ya shule, na aombe afisa ustawi wa jamii wa wilaya aitwe. Dar es Salaam ina mahabusu ya watoto Upanga na Mahakama ya Watoto Kisutu. Hakuna sababu ya mtoto kuchanganywa na wakubwa.

PF3 inasema nini, na haisemi nini

Tuhuma zinazozitikisa familia kuliko zote ni za kubaka, kulawiti na kumpa mimba mwanafunzi. Ni lazima lisemwe waziwazi: watoto wanaofanyiwa ukatili ni wengi, na wengi wao hawasikilizwi. Mtoto akisema ameguswa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 na sampuli za mwilini hupotea haraka. Hakuna mzazi anayepaswa kungoja eti kwanza "ahakikishe".

Uchunguzi huo wa mapema humlinda mtoto, na humlinda pia mtu aliyetajwa kimakosa. Kipimo kilichochelewa wiki mbili hakimsaidii yeyote.

PF3 ni fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Inaeleza daktari alichokiona mwilini: michubuko, uvimbe, majimaji, maambukizi. Haisemi nani aliyefanya. Hata pale inapoandika kuwa "bikira haipo", maneno hayo yana uzito mdogo kuliko yanavyosikika barazani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kwamba hakuna uchunguzi wa sehemu za siri unaoweza kuthibitisha kama msichana au mwanamke amewahi kuingiliwa. Umbile la utando huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa maneno mengine, fomu isiyoonyesha jeraha haimwondolei mtoto ukweli wake, na inayoonyesha jambo fulani haimtaji jirani wa chumba cha pili.

Mtuhumiwa ana haki ambayo wengi hawaitumii. PF3 inapotolewa mahakamani, hakimu anapaswa kumweleza mshtakiwa kuwa anaweza kuomba daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe. Asiye na wakili huitikia tu "sina pingamizi" kwa sababu haelewi anachoulizwa, na swali ambalo lingemsaidia halijaulizwa tena.

Kwa kesi za mimba za wanafunzi, ambazo tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 adhabu yake ni kifungo cha miaka 30, kipimo cha vinasaba ndicho chenye neno la mwisho kuhusu nani ni baba. Hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009. Mtu hafiki pale mlangoni na mtoto akapimwa. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, polisi, wakili au afisa ustawi wa jamii. Lakini mzazi wa kijana asidhani majibu ya "si baba" yanamaliza kila kitu. Kama shtaka ni la kubaka binti wa chini ya miaka 18, kosa hilo linasimama lenyewe, na mimba ni jambo jingine.

Neno la mtoto lina uzito mkubwa mahakamani, na inavyopaswa ndivyo. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli katika kesi ya ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Katika uamuzi wa baadaye ikaongeza kwamba ushahidi huo nao lazima upimwe kama ni wa kweli, si kupokewa kama maandiko matakatifu. Kwa hiyo anayemfundisha mtoto aseme uongo ili kumkomoa mzazi mwenzake katika ugomvi wa talaka, mpangaji anayedaiwa kodi au mjomba wa urithi, anachezea kitu ambacho kinaweza kumfunga mtu maisha. Anamwumiza mtoto huyo pia, ambaye atalazimika kulirudia simulizi hilo mbele ya askari, daktari na hakimu.

Miaka sita ya Sinza

Kesi ambayo Watanzania wengi huikumbuka ilianzia Sinza, Oktoba 2003. Mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe watatu, mmoja wao Johnson Nguza maarufu Papii Kocha, walikamatwa wakituhumiwa kuwabaka na kuwalawiti wanafunzi 10 wa shule ya msingi. Juni 25, 2004, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwahukumu wote wanne kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ikaikataa rufaa yao Januari 2005.

Februari 2010, Mahakama ya Rufani iliwaachia huru watoto wawili kati ya hao watatu baada ya kuona mashtaka dhidi yao hayakuthibitishwa. Walikuwa wamekaa ndani zaidi ya miaka sita. Hatia ya Babu Seya na Papii Kocha ilibaki, na hata walipoomba mahakama ipitie upya uamuzi wake hawakufanikiwa. Walitoka Desemba 9, 2017 kwa msamaha wa Rais Magufuli.

Hapo pana tofauti ambayo kwenye mazungumzo ya vijiweni hupotea. Wale wawili wa 2010 waliachiwa na mahakama: kisheria hawana hatia. Baba na Papii walisamehewa, na msamaha huondoa adhabu, haufuti hukumu. Hakuna mahakama ya Tanzania iliyosema hawakutenda.

Hata hivyo Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikuta kuna haki zilizovunjwa katika kuwahukumu. Hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi, mashahidi muhimu hawakuitwa, na Babu Seya, aliyedai kuwa hana nguvu za kiume, hakuwezeshwa kupimwa. Kipimo kile kingetoa jibu gani, hakuna ajuaye. Kilipaswa kufanyika mapema, si kujadiliwa na majaji miaka 14 baadaye. Familia yenye kesi leo ichukue hilo kama lilivyo: nakala za maelezo ya mashahidi, mashahidi wa utetezi na kipimo cha kitabibu huombwa mwanzoni, kwa sauti, na ombi liingie kwenye kumbukumbu za mahakama.

Mlango huo wa Arusha nao umefungwa kwa mtu binafsi. Tanzania ilijiondoa Novemba 2019 katika tamko lililoruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

"Siku hiyo nilikuwa Tanga"

Asiye na hatia mara nyingi ana utetezi rahisi: hakuwepo. Utetezi huo una kanuni yake. Mshtakiwa anayetaka kusema alikuwa mahali pengine anapaswa kutoa taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau kutoa maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wao. Anayeuibua mwishoni kabisa hukuta hakimu ana ruhusa ya kutoupa uzito.

Tiketi ya basi, miamala ya simu, rejista ya kazini, karatasi ya wodini, picha za harusini, vyote vikusanywe wiki ya kwanza. Picha za kamera za dukani au kituo cha mafuta hufutwa baada ya muda mfupi, kwa hiyo ombi la kuzihifadhi liende haraka, na mpelelezi aombwe kwa maandishi kuzifuata. Mashahidi nao waandikwe majina na simu. Mama ntilie aliyemuuzia chakula saa ile atakumbuka wiki hii, mwakani hatakumbuka.

Halafu kuna kanuni ambayo haizoeleki masikioni mwa watu: mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kuwa hana hatia. Jamhuri ndiyo inayothibitisha, pasipo kuacha shaka. Upande wa mashtaka ukimaliza na ushahidi ukawa haumgusi, mahakama inaweza kusema hana kesi ya kujibu na kumwachia hapohapo.

Jambo la kuepuka ni kwenda kwa familia ya mlalamikaji "kuyamaliza". Makosa mazito hayamalizwi sebuleni, na ziara hiyo inaweza kuonekana kama kuingilia mashahidi na kumpotezea mtu dhamana. Vilevile kumtaja mtoto mlalamikaji kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni kujitafutia kesi ya pili.

Barua kwa DPP

Njia isiyotumiwa vya kutosha ni kuandika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, kupitia ofisi za mashtaka za mkoa au wilaya. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri na ndiye anayeweza kuyaondoa wakati wowote kabla ya hukumu.

Mfano uko Tabora. Machi 2019, mfanyabiashara mmoja alimwandikia Rais akieleza kuwa polisi walimnyang'anya fedha na mali zake, kisha wakambambikia kesi ya mauaji. DPP aliagizwa afuatilie, madai yakaonekana ni ya kweli, na mashtaka yakaondolewa. Alikuwa amekaa ndani miezi kadhaa. Barua haihitaji maneno makubwa, iwe na tarehe, kituo, kiasi cha fedha na orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Barua ya namna hiyo ndiyo inayofanyiwa kazi. Yenye kurasa sita za laana huishia kwenye faili.

Kuondolewa mashtaka si sawa na kuachiwa huru. Aliyefutiwa kesi na DPP anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile, ilhali aliyeachiwa baada ya hukumu hawezi. Mashekhe wa Uamsho walifutiwa mashtaka ya ugaidi kwa njia hiyo Juni 2021, baada ya miaka mingi mahabusu.

Malalamiko dhidi ya askari yanaweza kupelekwa kwa kamanda wa polisi wa mkoa wa kipolisi, Kinondoni, Temeke au Ilala, na pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Akikutwa na hatia

Siku ya hukumu familia hulia, na wakati huo saa imeanza kuhesabu. Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ambazo hazihesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa hutolewa ndani ya siku 30. Mfungwa anaweza kufanya haya kupitia kwa mkuu wa gereza, bila wakili. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba kuongezewa muda, ila aieleze kila siku aliyochelewa.

Akiachiwa

Wengi hushukuru Mungu na kurudi nyumbani, wakiwa wamepoteza kazi, kibanda na pengine ndoa. Sheria inampa nafasi ya kudai fidia kwa aliyemfungulia mashtaka ya hila. Mahakama zetu huangalia mambo matano: kwamba alishtakiwa, kwamba kesi iliisha kwa upande wake, kwamba mlalamikaji hakuwa na sababu ya msingi, kwamba alisukumwa na nia mbaya, na kwamba kuna hasara iliyotokea. La nne ndilo gumu. Jirani aliyeibiwa kweli na akamtaja mtu kwa kumdhania hakuwa na hila, alikosea tu, na hatalipa. Aliyekuwa na ugomvi wa kiwanja na wewe, akaapa kuwa alikuona ukivunja dirisha usiku ambao yeye mwenyewe alikuwa safarini, huyo ni habari nyingine.

Dai hilo lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kama anayeshtakiwa ni Serikali, ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma na kusema uongo chini ya kiapo navyo ni makosa ya jinai. Vilevile hakimu anayeona shtaka lilikuwa la kipuuzi au la kusumbua anaweza kuamuru fidia kwa mshtakiwa, lakini ni vizuri aombwe.

Wakili atoke wapi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, wakiwemo walio mahabusu na magerezani. Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na taasisi nyingi: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC), pamoja na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Wenye kesi za mauaji Mahakama Kuu hupangiwa wakili na mahakama. Wakili wa kweli hutoa risiti na jina lake linapatikana kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama. Asiyekuwa na vyote viwili ni yule yule "mtu".

Kwa mtoto aliyeachwa nyumbani, aliyeona baba akifungwa pingu mlangoni na sasa anakojoa kitandani au hataki shule, afisa ustawi wa jamii wa kata ni mahali pa kuanzia, na namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Mwambieni baba yuko wapi, kwa maneno anayoyaelewa. Ile hadithi ya "baba amesafiri" huwa inaishi mpaka mtoto wa jirani atakapomwambia vingine shuleni.